Ndoo ya Barafu na Kitanda cha Mgonjwa: Uhakiki wa Kichungaji

Katika miezi ya Julai na Agosti mwaka 2014, watu wa Marekani, na baada yao watu wa nchi nyingi za dunia, walijimwagia ndoo za maji ya barafu vichwani mbele ya kamera. Jambo lenyewe lilikuwa na utaratibu wake. Aliyekwisha kumwagiwa aliwataja wenzake kwa majina, mara nyingi watatu, akawapa saa 24: ama wafanye kama yeye, ama watoe dola 100 kwa ajili ya mapambano dhidi ya ugonjwa uitwao ALS. Wengi walifanya yote mawili. Filamu fupi za namna hiyo zipatazo milioni 17 ziliwekwa katika mtandao wa Facebook. Chama cha ALS cha Marekani, ambacho katika majuma kama hayo ya mwaka 2013 kilikuwa kimepokea chini ya dola milioni 3, safari hii kilipokea dola milioni 115. Fedha zilizopatikana duniani kote zilizidi dola milioni 200.

Msomaji aweza kuuliza: mchezo huo unalihusu nini jarida la theolojia? Unalihusu kwa sababu mbili. Kwanza, mwanafunzi yeyote aliyesoma liturgia atatambua kwamba hapa palikuwa na namna ya ibada, ingawa wenyewe hawakuiita hivyo. Palikuwa na maji, palikuwa na kuitwa kwa jina, palikuwa na ushuhuda mbele ya watu, palikuwa na sadaka, na palikuwa na agizo la kwenda kuwavuta wengine. Pili, michango yetu wenyewe ya ugonjwa na misiba imekwisha kuhamia katika makundi ya simu, ambako majina ya waliotoa na viwango vyao husomwa na ukoo mzima. Ndoo ile na makundi haya ni ndugu. Inafaa basi tuihakiki kama tunavyohakiki igizo au kitabu cha nyimbo: inasema nini, inamsema nani, na ni nani asiyeonekana ndani yake.

Kabla ya kuendelea hapana budi kuueleza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa mengi ya yale yaliyosemwa juu ya ndoo yalisemwa na watu wasioujua. ALS huua seli za neva zinazopeleka amri za ubongo na uti wa mgongo kwenye misuli. Misuli isiyopata amri hulegea, hukonda, kisha hufa. Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliueleza katika karne ya 19, na Wamarekani huuita kwa jina la Lou Gehrig, mchezaji wao wa besiboli aliyefariki kwa ugonjwa huo mwaka 1941. Mgonjwa mmoja huanza kudhoofika mkononi, mwingine mguuni, mwingine ulimini. Baadaye hushindwa kutembea, kusema, kumeza, na mwisho kupumua. Wengi hufariki kati ya miaka miwili na mitano tangu dalili kuanza, ingawa wachache huishi zaidi ya miaka kumi. Kwa wagonjwa wengi akili hubaki timamu, au hupungua kidogo tu, na ngozi huendelea kuhisi. Mtu huyo hujua kila kinachofanyika. Nzi akitua usoni pake, humhisi, lakini hawezi kumfukuza.

Wenye ndoo ya kwanza hawakuwa matajiri wala watu wa sinema. Desturi ya kumwagiana maji baridi ilikuwapo kabla, kwa ajili ya misaada ya namna mbalimbali. Mwezi Julai 2014 mchezaji mmoja wa gofu huko Florida alimtaja ndugu wa mkewe aliyekaa Pelham, New York, ambaye mumewe, Anthony Senerchia, alikuwa mgonjwa wa ALS. Kutoka hapo habari ilimfikia Pat Quinn wa Yonkers, na kutoka kwake ikamfikia Pete Frates wa Massachusetts, aliyekuwa nahodha wa besiboli katika Boston College. Wote watatu walikuwa na ugonjwa huo. Senerchia alifariki mwaka 2017, Frates mwaka 2019 akiwa na miaka 34, na Quinn mwaka 2020 akiwa na miaka 37. Hivyo si kweli, kama ilivyodaiwa, kwamba ndoo ilibuniwa na watu wenye afya waliotafuta burudani. Ilitoka katika nyumba zenye wagonjwa. Kilichotokea baadaye, ilipowafikia mamilioni, ni habari nyingine.

Lawama

Lawama zilikuja upesi, na nyingine zilitoka mimbarani. Wahubiri walikumbusha Mathayo 6, ambapo Bwana anakataza kupiga panda wakati wa kutoa sadaka. Wengine walihesabu maji, maana mwaka huo California ilikuwa katika ukame mkubwa. Huko Hyderabad, India, mwandishi wa habari mmoja aliona kwamba nchini mwake kumwaga maji ni jambo la aibu, akaanzisha ndoo ya mchele: mtu ampe jirani mhitaji ndoo iliyojaa mchele. Nikiri kwamba ndoo hiyo naipenda zaidi, kwa kuwa haiwezi kutolewa bila kuufikia mlango wa mtu. Jimbo Kuu Katoliki la Cincinnati nalo liliziagiza shule zake mwezi Agosti 2014 zisipeleke fedha kwa Chama cha ALS, kwa sababu ya utafiti uliotumia seli za viinitete vya binadamu. Hilo ni pingamizi la kimaadili lililo wazi na lastahili mjadala wake, lakini si shabaha ya makala hii.

Lawama ya majivuno ndiyo iliyorudiwa mno, na naiona kuwa nyepesi. Mwenye njaa haulizi kama unga umetoka kwa mtu mnyenyekevu. Luther alifundisha kwamba Mungu hutenda kazi nyuma ya vinyago, yaani kupitia watu na nyadhifa zisizojua kwamba zinatumika naye. Basi kijana aliyejimwagia maji ili apendeze machoni pa rafiki zake aweza kuwa kinyago kama hicho. Na matunda yalikuwapo. Katika dola milioni 115, Chama kilitangaza kutenga kiasi cha milioni 77 kwa utafiti na milioni 23 kwa huduma za wagonjwa na jamaa zao. Mwaka 2016 watafiti wa nchi kadhaa, waliosaidiwa na fedha hizo, walitangaza kuitambua jeni iitwayo NEK1 kuwa miongoni mwa zile zinazochangia ugonjwa. Sauti ya wagonjwa ilisikika hata bungeni. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2020 iliwaondolea wagonjwa wa ALS miezi mitano ya kungojea malipo ya ulemavu, na nyingine ya Desemba 2021 iliidhinisha hadi dola milioni 100 kwa mwaka, kwa miaka mitano, kwa ajili ya utafiti na kuwafikishia wagonjwa dawa zilizo katika majaribio. Miezi mitano ni muda mrefu kwa mtu ambaye huenda amebakiwa na miaka miwili. Mhubiri anayeidharau ndoo na aonyeshe kwanza ni mahubiri gani yake yaliyompunguzia mgonjwa miezi mitano ya kungoja.

Kwa hiyo swali langu si kama ndoo ilifaa. Ilifaa. Swali ni kwamba ilifundisha nini juu ya mateso, kwa kuwa ibada yoyote hufundisha.

Mwili uliokauka

Tazama mpangilio wa filamu moja ya kawaida, kati ya zile milioni 17. Mtu mwenye afya amesimama uani au ufukweni. Anacheka, anataja majina, maji yanamwagika, anapiga kelele, anatetemeka, anakimbia. Sekunde 40, au dakika moja. Baadaye kulikuwa na maelezo kwamba mshtuko wa baridi unampa mtu kuonja, japo kwa nukta moja, namna mwili wa mgonjwa unavyoganda. Maelezo hayo yaliongezwa juu ya mchezo uliokwisha kuwapo, na hayasaidii. Baridi ya ndoo humrudishia mtu mwili wake: damu humchemka, ngozi humsisimka, hucheka kwa sababu amejihisi yu hai. Kisha hupewa taulo. ALS haina taulo. Katika filamu nyingi mno mgonjwa haonekani kabisa, hata jina la ugonjwa wakati mwingine halikutajwa. Ibada ilifanyika juu ya mwili imara, ikasifu mwili imara, na mwili dhaifu ukabaki nje ya picha ukiwa ndio sababu ya sherehe.

Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili hujifunza Mabishano ya Heidelberg ya mwaka 1518, hasa hoja ya 19 hadi 21, ambamo Luther anawatenga wanatheolojia wa aina mbili: yule amtafutaye Mungu katika mambo yanayong'aa, na yule amwonaye katika mateso na msalaba. Katika mitihani hujibu vizuri. Lakini theolojia ya utukufu haikufa pamoja na mabishano yale. Huonekana popote mateso yanapokubaliwa kwa sharti kwamba yawe mafupi, yachekeshe, na yaishe kwa ushindi. Hoja ya 28 nayo yatufaa hapa: upendo wa mwanadamu huvutwa na kile kinachopendeza, bali upendo wa Mungu hauvutwi hivyo, huumba chenye kupendeza pale ambapo hapakuwa na kitu. Ndoo ilikuwa ni ufundi wa kuufanya ugonjwa upendeze ili upendo wa kibinadamu uvutwe. Simlaumu Frates kwa kulielewa hilo. Aliwajua watu wake.

Lakini kuna filamu moja ya Agosti 2014 isiyofuata mpangilio huo, nayo yastahili kutazamwa na kila mchungaji. Aliyeitengeneza alikuwa kijana wa miaka 26, mpiga picha wa California. Inaanza kwa mzaha uliopita kiasi: amevaa nguo ya kuogelea ya kike, anaosha gari kwa madaha, anamwagiwa maji. Mtazamaji anacheka na kujiandaa kwenda kwenye filamu nyingine. Hapo ghafula muziki unakatika. Kijana yuko mbele ya kamera, anaeleza kwamba bibi yake alikuwa na ALS, kwamba mama yake anayo, na kwamba miezi michache iliyopita naye ameambiwa anayo. Twamwona akimhudumia mama yake asiyeweza kujitegemea. Analia. Anasema waziwazi kwamba ugonjwa huu haupendwi kutazamwa, na kwamba watu hawataki kuharibiwa furaha ya siku yao.

Kwa upande wa uhakiki, ubora wa filamu hiyo si machozi; machozi ni rahisi kupatikana katika mitandao. Ubora wake ni kwamba mzaha wa mwanzo ni chambo kilichotegwa kwa makusudi. Kijana alijua kwamba asipochekesha hatatazamwa, akatoa kichekesho kama mtu alipaye ushuru langoni, kisha akaingia mjini na kusema aliyotaka. Na alichoonyesha baada ya lango si mateso yake mwenyewe kwanza, bali mikono yake ikifanya kazi. Yeye ambaye mikono hiyo itakufa anaitumia kumhudumia mama. Sehemu hiyo ya pili haina maji wala barafu, wala haimwiti mtu yeyote airudie. Nani angeweza kuirudia? Ndipo mahali ambapo ibada ya ndoo ilifika ukingoni mwake.

Dawa na kitanda

Tumaini la ndoo lilikuwa dawa. Tumaini hilo ni jema na sina neno juu yake, ila yafaa tuone lilivyokwenda. Mwezi Septemba 2022 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Relyvrio, ambayo majaribio yake ya awali yalisaidiwa na dola milioni 2.2 za Chama cha ALS. Ilishangiliwa kuwa tunda la ndoo. Bei yake ilikuwa kiasi cha dola 158,000 kwa mwaka. Mwezi Machi 2024 matokeo ya jaribio kubwa zaidi yalionyesha kwamba haikuwafaa wagonjwa kuliko kitu kisicho na dawa, na mwezi uliofuata kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni. Dawa nyingine, tofersen, iliidhinishwa Aprili 2023, lakini inawahusu wale tu wenye kasoro katika jeni ya SOD1, yaani kiasi cha wagonjwa wawili katika kila mia. Sayansi huenda hivyo, kwa kuanguka na kuinuka, na fedha zilizotumika katika jaribio lililoshindwa hazikupotea. Lakini mtu aliyeugua mwaka 2014, akaahidiwa kwamba barafu itaumaliza ugonjwa, alihitaji kitu kingine cha kumshikilia katika miaka hiyo ya katikati.

Kitu hicho kilikuwa adimu hata nyumbani kwa Frates. Mwaka 2017 magazeti ya Marekani yaliripoti kwamba gharama za kumtunza nyumbani zilikuwa zimefikia makumi ya maelfu ya dola kwa mwezi na kuilemea familia. Nyumba iliyosaidia kupata mamia ya milioni kwa ajili ya mapambano dhidi ya ugonjwa ililemewa na gharama za matunzo! Sisemi hivyo ili kukidhihaki Chama chochote. Ni mantiki ya jambo lenyewe. Mamilioni ya watu wanaweza kuchangia utafiti kwa siku moja. Kumgeuza mgonjwa kitandani saa nane za usiku hakuwezi kufanywa na mamilioni. Kunahitaji watu wawili, wale wale, kesho na keshokutwa. Wenye ndoo walipojaribu kurudia katika Agosti ya 2015, michango haikukaribia hata kidogo ile ya mwaka wa kwanza. Mchezo ulikuwa umezeeka. Ugonjwa haukuwa umezeeka.

Hapa Kanisa la Kilutheri lina urithi ambao linausahau. Mwaka 1527 tauni ilipoingia Wittenberg, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther alibaki. Alipoulizwa na Johann Hess wa Breslau kama Mkristo aruhusiwa kukimbia, jibu lake halikuwa la kishujaa. Hakumlazimisha kila mtu kubaki. Aliyehuru na aende, mradi wapo wa kutosha kuwatunza wagonjwa. Bali aliyefungwa kwa mgonjwa kwa wito au kwa ujamaa, mchungaji kwa kondoo wake, mzazi kwa mwana, jirani asiye na mbadala, huyo asiondoke kabla hajapatikana mwingine wa kushika nafasi yake. Huo ni wajibu wa kupokezana zamu, wala haukuandikwa kwa ajili ya tauni peke yake. Miaka minne kabla, 1523, aliandika utangulizi wa taratibu za sanduku la pamoja la mji wa Leisnig: sanduku lenye kufuli nne, funguo zikishikwa na makundi manne ya watu, chini ya wasimamizi kumi waliochaguliwa. Kilichotoka humo kiliwaendea maskini na wagonjwa wa mahali hapo, kwa utaratibu, pasipo mtoaji kusimama mbele ya mpokeaji. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali iliyotakiwa kuingizwa sandukuni, na Luther alisikitika sana. Tusiipambe historia. Hata hivyo wazo lilikuwa sahihi: sadaka iwe karibu, iwe ya kudumu, na isiwe na uso wa mtu.

Sisi nasi

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwa tumewahakiki Wamarekani. Lakini kaka yangu mkubwa alifariki kwa ugonjwa wa jamii hii hii ya neva, na niliyoyaona katika miaka yake mitatu ya kitandani yananizuia kuandika kana kwamba tatizo liko ng'ambo.

Alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa ulianza pale aliposhindwa kutunga uzi katika sindano. Akadhani ni macho, akanunua miwani. Kisha mkasi ukawa unamponyoka. Mwaka ulipita kabla ya daktari kuutaja ugonjwa, na katika mwaka huo jamaa walikuwa wamekwisha kuutaja kwa majina yao: amerogwa na mshindani wake wa biashara. Kikundi cha maombi kilikuja siku saba mfululizo, kwa kufunga na kukemea. Hakuinuka, na siku ya nane hawakuja. Nimekuwa nikiwafikiria kila nisomapo Ayubu 2:13, juu ya rafiki walioketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Wale walifanya vizuri hadi walipofungua vinywa. Hawa wa kwetu walifungua vinywa tangu siku ya kwanza.

Ukoo ulichanga. Mara ya kwanza kwa safari ya hospitali, na watu walitoa kwa moyo. Mara ya pili kwa vipimo, na bado walitoa. Mara ya tatu shemeji yangu alihitaji godoro la kuzuia vidonda na msichana wa kumsaidia usiku. Kundi la simu lilikuwa kimya siku nne, kisha mtu akatuma picha ya maua yenye neno la faraja. Alipofariki, fedha zilizokusanywa kwa siku tatu za msiba zilizidi zote zilizokusanywa kwa miaka mitatu ya ugonjwa. Tulikuwa na turubai mbili, viti vya kukodi, ng'ombe, sanduku lililong'arishwa. Kila jina lilisomwa na kiasi chake, nami kama mchungaji na ndugu wa marehemu nikasimama kushukuru. Mauti huchangiwa kwa sababu ina tarehe. Watu hukusanyika, huonekana, humaliza, hurudi makwao. Ugonjwa unaokula mtu polepole hauna tarehe ya kualika watu.

Waliobaki walikuwa akina mama sita wa usharika wake, waliokuja kila Alhamisi kwa zamu, wawili wawili. Walimwosha, walimgeuza, walifua shuka, wakampa shemeji saa tatu za kulala. Waliimba kidogo sana. Hakuna aliyewapiga picha, na katika taarifa ya mwaka ya usharika, ambamo harambee ya kuezeka nyumba ya mchungaji ilipewa ukurasa mzima, huduma yao haikutajwa.

Katika Marko 2 watu wanne wanambeba mgonjwa wa kupooza, wanaitoboa dari ya nyumba ya watu na kumshusha katikati ya mkutano. Hilo nalo lilikuwa jambo la kuonekana. Vumbi liliwaangukia waandishi waliokuwa wameketi. Hatusomi kwamba Bwana aliwakemea kwa kujionyesha. Aliiona imani yao. Tofauti yao na mwenye ndoo, na tofauti yao na sisi tunaosomewa viwango katika msiba, ni kwamba walifika hapo wakiwa wameshika pembe za kitanda, na mgonjwa alikuwa juu yake.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi huniuliza, nami nalileta hapa kwa kuwa sijaliona likijadiliwa vya kutosha katika vitabu vyetu vya kichungaji. Mgonjwa asiyeweza kumeza atashirikije Meza ya Bwana? Katika miezi ya mwanzo mchungaji wa kaka yangu, mzee mwenye busara, alichovya chembe ya mkate katika divai na kuiweka ulimini kwa ncha ya kijiko, akangoja. Kungoja huko kulichukua muda kuliko liturgia yote. Baadaye hata chembe hiyo ilikuwa hatari, maana ingeweza kumwingia mapafuni. Akawa anayalowanisha midomo kwa tone la divai tu, akiyanena maneno ya Bwana polepole karibu na sikio. Wapo watakaosema kwamba huko si kula wala kunywa. Naona wanakosea. Katekisimo yetu Ndogo haiweki nguvu ya sakramenti katika koo, bali katika Neno la ahadi pamoja na mkate na divai, na katika imani inayolishika. Mwili usiokubali tena chakula umeletewa Mwili uliovunjwa. Sioni mahali panapofaa zaidi.

Ugumu uko kwingine. Taratibu zetu za kuwazuru wagonjwa zimeandikwa kwa mgonjwa anayeweza kujibu. Anaulizwa kama anazitubia dhambi zake, na anatakiwa kusema ndiyo. Huyu hawezi. Yule mzee alipatana naye kwamba kufumba macho mara moja kuwe ndiyo, mara mbili kuwe hapana, na kila sala iliishia kwa mchungaji kunyamaza na kumtazama machoni hadi kope zishuke. Siku nyingine, kwa uchovu, zilikawia dakika nzima. Jambo hilo halimo kitabuni, wala hatulifundishi katika somo la uchungaji, ambamo mwanafunzi aliye katika mafunzo ya usharikani hupewa alama kwa idadi ya nyumba alizozizuru katika juma. Wachungaji waliokwisha kuwahudumia wagonjwa wa namna hii, na waliobuni njia nyingine za kuwasikiliza, wangetusaidia sana kama wangeziandika na kuzileta katika kurasa hizi kabla kitabu cha ibada hakijarekebishwa.